C ya zamani, seva mpya: ubaki x86-64 au uhamie ARM64?

Swali hili mara nyingi haliletwi na fundi. Huletwa na mtu wa fedha aliyeona bili ya wingu, akasikia mahali kwamba seva zenye prosesa za aina ya ARM ni nafuu kwa asilimia 20 kuliko zile za x86-64 tulizozizoea, akauliza kikaoni: "Sasa sisi tunasubiri nini?" Na wewe uliyekaa kona, unayejua kwamba roho ya kampuni ni programu ya lugha ya C iliyoandikwa na mzee aliyestaafu zamani, unajikuna kichwa.

Mimi niliulizwa, nikajibu harakaharaka kwamba ni kazi ya wiki mbili. Nilikosea sana. Programu yenyewe ilikuwa ya kukokotoa bili za wateja kila mwisho wa mwezi: mistari zaidi ya laki moja, maelezo ya ndani nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na faili moja iliyoitwa mpya2_mwisho.c, ambayo haikuwa mpya wala ya mwisho. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijafungua mdomo kikaoni.

Wanaolinganishwa

x86-64 ni mtoto wa ukoo wa 8086, prosesa ya Intel ya 1978. AMD ndio walioupeleka ukoo huo kwenye biti 64, wakatoa Opteron Aprili 2003, na Intel wenyewe wakalazimika kufuata. Kilichoipa ushindi ni kwamba ilikubali kuendesha programu za biti 32 kama zilivyo, bila kuzigusa. Miaka hiyohiyo Intel na HP walikuwa wakiipigia debe Itanium, iliyoingia sokoni 2001. Hiyo iliitegemea kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya prosesa) ipange maelekezo yote mapema, na programu za x86 iliziendesha kwa kuburuza miguu. Shehena za mwisho zilitoka 2021, na Linux 6.7 ya Januari 2024 ikaiondoa kabisa kwenye kerneli, moyo wa mfumo wenyewe. Waliohamishia C yao huko walilazimika kuhama mara ya pili. Ndiyo maana wazee wa kazi hii wakisikia "usanifu mpya" hukunja uso.

Lakini ARM64 haijafuata njia ya Itanium. ARM walitangaza ARMv8, yenye biti 64, mwaka 2011. Amazon wakaleta prosesa yao ya Graviton Novemba 2018 ikiwa na viini 16 (kiini ni sehemu ya prosesa inayokokotoa), Graviton2 ikatangazwa mwishoni mwa 2019 ikiwa na viini 64, na Graviton4 ya 2023 ina viini 96. Pembeni wako Ampere na Altra yao, Microsoft na Cobalt, Google na Axion. Usanifu ukishakuwa na watengenezaji kadhaa wanaogombea soko, hofu ya kubaki yatima inapungua.

Tena usidhani kwamba kubaki x86-64 ni kukaa ulipo. Linux ya Red Hat, toleo la 9, inakataa prosesa za kizazi cha kwanza cha x86-64. Red Hat 10, iliyotoka Mei 2025, inataka zenye maagizo ya AVX2, yaani kwa upande wa Intel kuanzia Haswell ya 2013, na imeacha kutoa vifurushi vya biti 32. Kama programu yako bado inaishi kwa swichi ya `-m32`, inayotengeneza programu za biti 32, mlango huo unafungwa taratibu hata ukikaa kwenye chuma kilekile.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizoleta swali

Chukua Amazon, eneo la Virginia, bei ya kulipa kwa saa. Seva ya m7i.large yenye prosesa ya Intel ni dola 0.1008. Ile ya m7g.large yenye Graviton3 ni dola 0.0816. Zote mbili zina vCPU 2 (prosesa pepe unazokodi) na kumbukumbu ya GB 8. Tofauti ni dola 0.0192 kwa saa, na mwezi una saa kama 730, kwa hiyo kila seva inakuokolea dola 14 kwa mwezi.

Ukiwa na seva moja ya bili na nyingine ya akiba, utaokoa dola 28 kwa mwezi, wakati fundi atakayekaa miezi mitatu akisafisha msimbo analipwa zaidi ya hizo kwa siku mbili tatu. Ukiwa na seva 10 ni dola 140. Ukiwa na seva 200 zinazokesha, hapo ni dola 2,800 kila mwezi, na sasa mtu wa fedha ana hoja. Rai yangu: chini ya seva 20 hivi, usihame kwa sababu ya bei peke yake. Tafuta sababu nyingine.

Sababu nyingine ipo. Kwenye Graviton, vCPU moja ni kiini kizima. Kwenye ile ya Intel, vCPU moja ni nusu ya kiini kinachogawanywa kwa thredi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi inayokwenda sambamba. Kazi ya kukokotoa mfululizo, kama bili za usiku, huhisi tofauti hiyo. Lakini pima kwa kazi yako mwenyewe na data yako mwenyewe. Majedwali ya watangazaji hayajawahi kukokotoa bili za wateja wako. Na kama unatumia eneo la Cape Town, lililofunguliwa Aprili 2020, bei zake ziko juu kuliko za Virginia, kwa hiyo piga hesabu upya.

Kwa wanaotaka seva ya kuweka chumbani kwao, ulinganisho ni mfupi: x86-64. Mashine za Dell na HP zilizotumika zinapatikana mjini, na vipuri vyake vipo. Seva ya ARM utaiagiza, utaisubiri, na siku pawasuplai yake ikiungua utasubiri tena.

Mahali C inapobadilika tabia

Watu wengi hudhani kuhamia usanifu mwingine ni kuandika `make` upya. Kwa C iliyoandikwa kwa adabu ni hivyo kweli. Tatizo ni kwamba C ya zamani imejaa mambo yaliyofanya kazi kwa sababu mashine ilikuwa na huruma. Jedwali hili ni kwa Linux na kompaila ya GCC:

| Jambo | x86-64 | ARM64 |
|---|---|---|
| `char` tupu (aina ya kuhifadhi herufi) | inabeba namba hasi | haibebi namba hasi |
| Namba nzima kugawanywa kwa 0 | programu inauawa kwa ishara ya SIGFPE | jibu ni 0, kimya |
| Desimali kubwa mno kugeuzwa `int` | -2147483648 | 2147483647 |
| `long double` | biti 80, ndani ya chuma | biti 128, kwa programu, polepole |
| Mpangilio wa kuandika kumbukumbu | mkali | legevu |
| Ukurasa wa kumbukumbu | KB 4 | KB 4, 16 au 64, kutegemea kerneli |
| `int`, `long`, pointa | baiti 4, 8, 8 | baiti 4, 8, 8 |
| Mpangilio wa baiti | ndogo kwanza | ndogo kwanza |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo habari njema. Kama programu yako tayari inatembea vizuri kwenye x86-64 ya biti 64, safari ya kwenda ARM64 umeshaivuka nusu. Kama bado iko biti 32, una safari mbili, na nakusihi usizifunge kwenye mzigo mmoja: hamia kwanza x86-64 kamili, tulia hapo miezi miwili, ndipo ufikirie ARM. Ukizichanganya, kosa likitokea hutajua limetoka kwenye pointa (anwani ya kumbukumbu) iliyokatwa au kwenye prosesa.

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio ulionikesha. Ndani ya programu yetu palikuwa na kitu kama hiki:

```
char c;
while ((c = getchar()) != EOF)
    putc(c, nje);
```

Kosa hili liko kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza, lakini kwenye x86 lilikuwa limeishi kwa amani miaka mingi. `EOF`, alama ya mwisho wa faili, ni -1. Kwenye x86, `char` inaweza kubeba -1, kwa hiyo faili likiisha, kitanzi kinaisha. Kwenye ARM64, ile -1 ikiingia ndani ya `char` inageuka 255, na 255 haitakuwa -1 hata ungoje kiyama. Kitanzi hakiishi.

Jaribio letu la kwanza tuliliachia usiku. Asubuhi diski imejaa pomoni, hakuna anayeweza hata kuingia kuandika barua. Nikafungua lile faili kwa `hexdump -C`, inayoonyesha baiti za faili mojamoja. Mistari michache ya juu ilikuwa na data halali ya wateja. Halafu mstari mmoja wa `ff ff ff ff` hadi mwisho, chini yake kinyota kimoja, halafu mwisho wa faili. Kwa `hexdump`, kinyota maana yake ni "mistari inayofuata ni kama huu wa juu". Kinyota kile kimoja kilikuwa kimebeba diski nzima.

Dawa ya haraka ni swichi ya `-fsigned-char`, inayomlazimisha GCC achukue tabia ya x86. Nimeitumia, sioni aibu. Lakini ni gongo la kutembelea, mguu bado umevunjika. Dawa yenyewe ni kuandika `int c`, na kutaja `signed char` au `unsigned char` pale unapohifadhi namba ndogo. Ukikompaili kwenye ARM ukiwa umewasha `-Wextra`, GCC atakuonyesha linganisho ambalo jibu lake haliwezi kubadilika. Fuatilia pia `getopt`, maana kosa hilihili hupenda kujificha hapo.

Mstari wa kugawanya kwa sifuri unaonekana mdogo, lakini kwa programu ya fedha naupa uzito kuliko wote. Kwenye x86, mteja asiye na mita akisababisha mgawanyo kwa sifuri, programu inakufa palepale na unapigiwa simu. Unachukia, lakini unajua. Kwenye ARM64 prosesa inarudisha 0 na kazi inaendelea, mteja anatumiwa bili ya sifuri, naye hatapiga simu kulalamika. Kiwango cha C hakiahidi lolote hapa, kwa hiyo hakuna prosesa yenye kosa. Kabla ya kuhama, ukiwa bado kwenye mashine ya zamani, kompaili kwa `-fsanitize=undefined,float-divide-by-zero,float-cast-overflow` na uendeshe data ya miezi kadhaa. Utakamata migawanyo hiyo na zile desimali zinazogeuzwa `int` kwa nguvu.

Shilingi moja iliyozidi

Baada ya kurekebisha hayo, tuliendesha bili za mwezi mmoja kwenye mashine zote mbili na kulinganisha. Bili nyingi zilifanana. Chache zilipishana kwa shilingi moja. Mhasibu wetu, mama mtu mzima asiyekubali kupotezwa hata senti, akaniita mezani kwake.

"Mwanangu, hii shilingi imetoka wapi?"

"Mama, ni kompyuta imekadiria tofauti kidogo."

"Kompyuta hukadiria? Mimi nilidhani inahesabu."

Alikuwa na haki. Maelezo yake ni haya. ARM64 ina agizo linalozidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, likikadiria mara moja tu mwishoni. x86-64 ya msingi haina agizo hilo, kwa hiyo inazidisha, inakadiria, inajumlisha, inakadiria tena. GCC kwa kawaida yake hulitumia agizo hilo bila kukuuliza. Tofauti iko kwenye biti ya mwisho kabisa, na mara nyingi haionekani. Ila kiasi kikiwa kimesimama ukingoni mwa nusu shilingi, biti hiyo ndiyo inayoamua kiende juu au chini. Kitaalamu jibu la ARM kwa kawaida ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, lakini mhasibu anataka jibu linalofanana na la mwezi uliopita.

Swichi ya `-ffp-contract=off` iliirudisha ile shilingi mahali pake. Bila shaka fedha hazikupaswa kuwekwa kwenye `double`, aina ya namba za desimali, tangu mwanzo, zilipaswa kuhesabiwa kwa senti kama namba nzima, lakini mzee aliyeziweka humo yuko shambani kwake anafuga kuku, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuandika upya hesabu za kampuni.

`long double` nitaipita haraka: kama ipo kwenye hesabu nzito, tegemea matokeo tofauti na mwendo wa kobe kwenye ARM64. Kuhusu kurasa za kumbukumbu, tafuta neno `4096` kwenye msimbo wako. Red Hat 8 kwenye ARM ilitumia kurasa za KB 64, na programu zilizoandika 4096 kwa mkono ziliumbuka. Tumia `sysconf(_SC_PAGESIZE)` na usahau habari hiyo.

Mzigo na risiti

Hili la mpangilio wa kumbukumbu linataka subira, kwa sababu halitokei kila siku, na ndiyo ubaya wake. Tazama thredi mbili. Ya kwanza:

```
bili = kokotoa(mteja);
tayari = 1;
```

Ya pili inasubiri `tayari` iwe 1, kisha inachapisha `bili`.

Fikiria mwenye duka anayeletewa mzigo na risiti. Kwenye x86-64, mletaji ana nidhamu: anashusha mzigo, ndipo anatoa risiti. Ukiona risiti, mzigo upo. Kwenye ARM64 mletaji anaruhusiwa kutuma risiti kwa bodaboda huku mzigo ukiwa bado njiani. Mwenye duka anaona risiti, anafungua stoo, anakuta patupu. Mara nyingi mzigo utawahi. Siku ambayo barabara imefunga, hautawahi, na siku hiyo itakuwa mwisho wa mwezi wakati viini vyote vinafanya kazi.

Wengi hujitetea kwa kuandika `volatile`. Hiyo inamzuia kompaila asiifute kazi yako, lakini prosesa haiisikilizi. C11 ilileta `stdatomic.h`, na hapo ndipo penye dawa: andika `tayari` kwa `atomic_store_explicit` yenye `memory_order_release`, na uisome kwa `memory_order_acquire`. Au tumia kufuli la kawaida la pthread, ambalo hubeba ulinzi huo ndani yake. Swichi ya `-fsanitize=thread` itakuonyesha mbio nyingi za namna hii ukiwa bado kwenye x86, kabla hujalipia hata saa moja ya ARM.

"Programu yetu haina thredi," utasema, "ya mwaka 1997 hiyo." Vizuri. Ila angalia kama inatumia `fork` (kuzaa mchakato mwingine) pamoja na `shmget` (kuomba kumbukumbu ya pamoja). Michakato miwili inayosoma kumbukumbu moja ya pamoja kwa kutegemea alama bila semafori (kizuizi cha kupeana zamu) iko kwenye hatari ileile. C ya zamani imejaa hayo, na watu huyasahau kwa sababu hakuna neno "thredi" popote.

Unatoka wapi? Jibu linaweza kugeuka

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila mtu anatoka x86. Wapo wanaotoka kwenye mashine za Unix za zamani, na kwao mizani inakaa tofauti. Wa HP-UX kwenye Itanium hawana tena pa kukaa: msaada wa kawaida wa HP-UX 11i v3 uliwekewa mwisho wa Desemba 2025. Wa Solaris kwenye SPARC wana muda, lakini SPARC M8 ya 2017 ndiyo prosesa ya mwisho ambayo Oracle walitoa kwenye ukoo huo.

Wote hao wanatoka kwenye mpangilio wa baiti kubwa kwanza, kinyume cha ule wa jedwalini. Kwa hiyo waende x86-64 au ARM64, faili za binari na jumbe za mtandao zisizopita kwenye `htonl` na `ntohl`, zinazogeuza mpangilio huo, zitasomeka kinyumenyume. Kazi hiyo iko palepale upande wowote, na ile nafuu ya x86 ya "tumezoea" haipo.

Anayetoka AIX, Unix ya IBM, kwenye prosesa za Power ana jambo la kufurahisha. Kompaila ya huko kwa kawaida huchukua `char` isiyobeba hasi, na prosesa za Power zina mpangilio legevu wa kumbukumbu. Maana yake, programu yake imeshalelewa kwenye nyumba inayofanana na ARM64. Makosa mawili makubwa niliyoyaeleza juu yangeshaiumiza kule kwao na yangesharekebishwa. Mtu wa AIX asimchukulie x86 kuwa ndiyo njia rahisi kwa sababu tu ndiyo maarufu. Anayetoka SPARC hali yake ni nyingine: Solaris ilimzoesha mpangilio mkali kama wa x86, kwa hiyo ARM itamtikisa kwenye thredi. Lakini SPARC huua programu inayosoma namba kwenye anwani isiyonyooka (isiyogawanyika kwa ukubwa wa namba hiyo), basi upande huo msimbo wake umeshanyooshwa kwa fimbo.

Njia ya pembeni: kuiga

Unaweza kuchukua programu ya x86 kama ilivyo na kuiendesha kwenye ARM kwa emuleta, yaani programu inayoiga prosesa nyingine, kama QEMU au Box64. Inafanya kazi. Lakini ile nafuu ya asilimia 20 utaimeza kwenye mwendo, na mpangilio wa kumbukumbu unarudi kukusumbua: emuleta lazima iongeze vizuizi ili kuiga nidhamu ya x86, au iache na wewe ubahatishe. Mtu atakuambia, "Mbona Apple waliweza kuendesha programu za x86 kwenye ARM kwa Rosetta 2 mwaka 2020?" Apple waliweka ndani ya prosesa zao hali maalumu inayofuata mpangilio wa x86. Graviton haina kitu hicho. Emuleta naikubali kwa kijiprogramu kinachoitwa mara moja kwa mwezi. Moyo wa mfumo usiuweke humo.

Kinachoamua

Kabla ya bei, kabla ya mwendo, kabla ya `char`, kaa siku moja uhesabu maktaba. Amri hii inatosha kuanzia:

```
find /opt/bili -type f -exec file {} + | grep -E 'ELF|ar archive'
```

Kila mstari unaotokea ni programu au maktaba iliyokwisha kukompailiwa, kitu ambacho lazima uwe na msimbo wake, au mwenye nacho awe ametoa toleo la ARM64. Sisi tulikuta maktaba moja ya kuzungumza na kifaa cha usalama. Lilikuwa faili la `.a` peke yake, tarehe ya zamani, bila msimbo, na kampuni iliyoliuza ilishafungwa. Hakuna swichi ya GCC inayotibu hilo. Yule aliyekwambia kazi ni wiki mbili, yaani mimi, alikuwa amenunua mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo ushauri wangu hauko nusu kwa nusu. Ukiwa na msimbo wote, biti 64 tayari, na seva nyingi za wingu zinazokesha, nenda ARM64 bila woga. Ukikosa msimbo wa maktaba ambayo programu inaiita kila sekunde, baki x86-64 na utumie nguvu zako kusafisha. Ukiwa na seva moja mbili zako mwenyewe chumbani, baki x86-64 na umwoneshe mtu wa fedha ile hesabu ya dola 14. Na ukitoka AIX, jaribu ARM64 kwanza kabla ya kuyasikiliza mazoea.

Kujaribu hakuna gharama ya kuogopesha. Oracle wana ofa ya wingu ya bure yenye prosesa za Ampere. Raspberry Pi 4, iliyotoka 2019, ina viini vinne vya Cortex-A72, aina ileile iliyokuwa kwenye Graviton ya kwanza, na ukiiwekea mfumo wa biti 64 makosa ya `char`, ya sifuri na hata ya thredi yatajitokeza mezani kwako. Ya kwangu niliifungia feni ndogo, maana joto la Dar es Salaam halina adabu. Usikompaili tu kwa `-mcpu=neoverse-n1` ukaipeleka kwenye Pi, inaweza kufa na "illegal instruction", kwa sababu N1, kiini kipya zaidi cha ARM, ina maagizo ya atomiki ambayo Cortex-A72 haijui.

Sisi tuliishia katikati. Kokotozi zima la bili lilihamia ARM64. Mashine zote mbili ziliendeshwa sambamba miezi mitatu, na kila usiku `cmp` ililinganisha matokeo faili kwa faili, mhasibu akipewa orodha ya tofauti asubuhi hata ikiwa tupu. Ile maktaba isiyo na mwenyewe tuliiacha x86-64, kwenye seva ndogo peke yake, ikizungukwa na programu fupi inayopokea maombi kwa soketi na kurudisha majibu. Seva ya zamani tuliizima Julai, mwaka wa fedha ulipokwisha kufungwa. Ile ndogo bado inawaka.